Ukimhamisha Mmoja, Umehamisha Wawili

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa Waswahili waishio Kansas City, Missouri)

Asanteni. Shikamooni wazee. Vijana, mambo. Naona viti vya nyuma vimejaa na vya mbele vitupu, kama ada yetu. Sogeeni tu, leo simuulizi mtu swali.

Nilipopigiwa simu nije hapa nilidhani mnataka habari za makaratasi ya uhamiaji, au mikopo ya nyumba. Kumbe! Aliyenipigia akaniambia, "Kaka, njoo utueleze habari ya Thuney." Yaani Joe Thuney, aliyekuwa mchezaji wa timu yenu ya futiboli ya Kimarekani, Kansas City Chiefs. Basi nikajua nimefika Kansas City. Mimi si kocha wa ligi kubwa, niliwahi tu kusaidia kufundisha vijana wa shule siku za Jumamosi, lakini suala hili limenikaa moyoni muda mrefu: mtu wa mstari wa mbele aliyekwisha kujijengea jina mahali pake, timu imhamishe au imwache alipo?

Kwa mama zangu ambao Jumapili husikia kelele tu kutoka sebuleni, mchezo huu una mtu mmoja anayeitwa kwotabeki, ndiye anayerusha pasi. Hapa kwenu ni Patrick Mahomes. Mbele yake wamepangwa watu watano wakubwa wa miili, ambao mpira karibu hawaugusi. Kazi yao ni kuzuia asiguswe. Wa katikati ni senta, ndiye anayeupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Ubavuni kwake, huku na huku, wapo magadi wawili. Pembeni kabisa wapo wawili wengine, ambao jina lao la Kiingereza ukilitamka Kiswahili mbele ya wakwe umejitia aibu. Kwa hiyo mimi nitasema tekoli. (Kicheko.) Naam, mmeelewa.

Sasa, ukiwatazama kwenye runinga watano hawa utadhani ni ndugu, na kwamba ukimtoa huyu ukamweka pale hakuna kitakachoharibika. Sivyo. Anayecheza upande wa kushoto husimama mguu wa kushoto ukiwa nyuma, na hatua yake ya kwanza ya kurudi huanzia hapo. Mhamishie kulia, mwili mzima unageuka: mguu, nyonga, mkono unaotangulia kupiga. Leo mkirudi nyumbani jaribuni kula wali kwa mkono wa kushoto. Mtakula, na mtashiba. Lakini mtachelewa, na punje zitadondoka. Kwenye mstari huu punje moja ikidondoka, Mahomes yuko chini.

Na ukimtoa ndani ukampeleka nje, hata kama ni upande uleule, kazi ni nyingine kabisa. Gadi ana jirani kulia na kushoto. Nafasi yake ni finyu, na anayemjia ni jitu la ratili mia tatu na zaidi, yaani kilo 136 kwenda juu, na kishindo kinamfika papo hapo. Tekoli ana jirani upande mmoja tu, upande wa pili ni uwanja mtupu. Anayemjia yeye ni mwembamba kidogo, ana mbio, na huanzia mbali. Hapo urefu wa mikono ndio ngao. Gadi mwenye mikono mifupi anaweza kuwa mfalme ndani, akitoka nje akawa kila mara anafika nusu hatua nyuma.

Nyumbani Tanzania tuna neno zuri, kiraka. Tulimwita hivyo Erasto Nyoni, wa Azam, Simba na Taifa Stars: leo beki wa pembeni, kesho beki wa kati, keshokutwa kiungo, na hakuna aliyeona nguo imetoboka. Kiraka ni sifa. Lakini angalieni neno lenyewe. Kiraka hukatwa kutoka kitambaa kingine. Ukikikata kwenye nguo ileile unayoivaa, tundu halijaisha, limehama tu. Huku Marekani kiraka wa viraka alikuwa Bruce Matthews, wa Houston Oilers na baadaye Tennessee Titans. Alicheza tangu 1983 hadi 2001, mechi 296, na katika nafasi zote tano za mstari huo. Makocha wengi wakiona mtu mwenye akili na miguu mizuri humwona Matthews. Akina Matthews hawazaliwi kila mwaka.

Haya, Thuney.

Joe Thuney alikuja kwenu mwaka 2021 kutoka New England, akiwa na vikombe viwili vya Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Akawekwa gadi wa kushoto. Pembeni yake senta Creed Humphrey, halafu gadi wa kulia Trey Smith. Hao watatu ndio waliokuwa kitovu cha timu, na kwa maoni yangu hakukuwa na watatu wa kati bora kuliko wao katika ligi. Mwaka 2023 na tena 2024 Thuney akachaguliwa katika kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima, akiwa gadi.

Shida ilikuwa jirani yake wa kushoto. Msimu wa 2024 ulianza na kijana mgeni wa ligi, Kingsley Suamataia. Katika mechi ya pili tu, Trey Hendrickson wa Cincinnati akamtesa mpaka kocha akamtoa. Akaingia Wanya Morris, kijana mwingine. Mwezi wa Novemba wakamsajili D.J. Humphries, mzee wa kazi aliyekuwa anatoka kwenye jeraha la goti. Akacheza, akaumia msuli wa paja. Desemba, kocha Andy Reid akafanya uamuzi: Thuney atoke nje, awe tekoli wa kushoto. Na gadi? Akawekwa Mike Caliendo.

Hapa watu wengi humlaumu Reid. Mimi simlaumu haraka hivyo. Thuney alikuwa tekoli wa kushoto chuoni North Carolina State, kwa hiyo nyumba ile aliijua. Timu ikaendelea kushinda. Ikamaliza ligi na ushindi 15 na vipigo 2, ikawatoa Buffalo 32 kwa 29, ikafika fainali. Baba mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, najua unachotaka kusema, mzee wangu. Subiri.

Tarehe 9 Februari 2025, New Orleans. Philadelphia Eagles. Wakati wa mapumziko Eagles walikuwa mbele 24 kwa 0. Mahomes aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara sita, na mwisho mkafungwa 40 kwa 22. Jambo lililoniacha hoi si matokeo. Timu nyingi zikitaka kumfikia kwotabeki hutuma mtu wa tano, au wa sita, wakimwacha mtu wazi nyuma. Eagles usiku ule hawakutuma wa ziada hata mara moja. Wanne wao dhidi ya watano wenu, wakapenya. Na saba wengine wakabaki nyuma wamefunga kila njia ya pasi. Nje Josh Sweat akamwangusha Mahomes mara mbili na nusu. Ndani Milton Williams mara mbili, naye si mtu wa pembeni, ni mtu wa katikati. Pale pale ambapo mwaka mzima palikuwa ngome.

Ndiyo maana nasema hakuna kitu kinachoitwa kumhamisha mtu mmoja. Umemhamisha Thuney, umemhamisha na Caliendo. Gadi bora wa ligi amekuwa tekoli wa kawaida, na akiba amekuwa gadi wa fainali. Swali la "Je, Thuney anaweza kucheza nje?" lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo. Halikuwa swali lenyewe.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Wenye kumbukumbu, rudini Februari 2021, fainali ya Tampa. Matekoli wenu wote wawili, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi. Mike Remmers akatolewa kulia akapelekwa kushoto, Andrew Wylie akatolewa ndani akapelekwa nje. Mkafungwa 31 kwa 9, Mahomes akikimbizwa uwanja mzima. Majeraha hayana mwenyewe, hilo nakubali. Ila 2024 haikuwa majeraha tu. Kiti cha kushoto kilijulikana tangu masika kwamba kina mguu mmoja mbovu, na wakaamini vijana wawili watakikalia.

Mpinzani wenu wa 2021 ana funzo zuri zaidi. Tampa Bay walikuwa na Tristan Wirfs, tekoli wa kulia, chaguo la 13 timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2020. Mwaka 2021 akawa katika kikosi bora cha ligi. Mwaka 2023 timu ikaachana na Donovan Smith, tekoli wake wa kushoto, ikamhamishia Wirfs huko. Nikasema hawa wamerogwa, unamgusaje mtu kama huyu? Nilikosea. Walimpa miezi ya kula kwa mkono wa kushoto kabla mechi hazijaanza. Na kulia wakamweka Luke Goedeke, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa gadi wa kushoto na akataabika sana; alipotolewa nje akapata kwao. Mwaka 2024 Wirfs akachaguliwa tena kikosi bora, safari hii kama mtu wa kushoto, na mkataba wa miaka mitano, dola milioni 140.6.

Fedha hiyo, ndugu zangu, ni sehemu ya habari. Orlando Brown Jr. alikuwa tekoli wa kulia Baltimore. Mwaka 2020 wa kushoto akaumia, akahamishwa, akapaonja, na hakutaka kurudi. Marehemu baba yake, naye alikuwa tekoli, alikuwa amemlea awe wa kushoto. Aprili 2021 akaja kwenu. Mwaka 2023 akaenda Cincinnati, na aliyekuwa kushoto kule, Jonah Williams, akaomba kuondoka kwa kusukumwa kulia. Akaishia kubaki na kucheza. Kila ukimvuta mmoja, yupo mwingine anayesikia kiti kikisogezwa.

Sasa mzee wangu, uliza. ... Anasema: "Kwani Eagles hawakuhamisha mtu?" Swali zuri kuliko hotuba yangu! Walihamisha. Mekhi Becton, chaguo la 11 la 2020, New York Jets walimchukua awe tekoli. Majeraha, uzito, maneno ya mitaani. Mwaka 2024 Eagles wakamwokota kwa mkataba wa mwaka mmoja, na kocha wao wa mstari, Jeff Stoutland, akamweka gadi wa kulia. Usiku ule wa New Orleans alikuwa uwanjani, na pete ya ubingwa anayo. Lakini yeye alihamishwa wakati wa kambi ya kiangazi, na alipotoka hakuacha pengo, maana nje walikuwapo Jordan Mailata na Lane Johnson. Alihama kutoka benchi.

Mama pale: "Mwanangu kocha wake wa shule anataka kumtoa kushoto ampeleke ndani, analia." Wangu pia alinuna wiki nzima, hakula hata chapati. Mama, kamuulize kocha maswali mawili tu: mechi ya kwanza ni lini, na nani anakaa kwenye kiti anachokiacha. Akijibu yote bila kusita, mwache mtoto aende.

Na Thuney? Machi 2025 mlimuuza Chicago, wakamrudisha gadi wa kushoto. Ninyi mkachukua Josh Simmons kuwa tekoli, chaguo la 32, na lile pengo la ndani akapewa Suamataia, yule yule.