Yule Asiyechaguliwa

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, niko na mdogo wangu Neema, ambaye leo kaingia studio macho yamevimba. Kulikoni?

NEEMA: Nimemaliza "Hirunaka no Ryuusei" saa nane usiku, dada Zuhura. Sijalala vizuri mpaka sasa.

ZUHURA: Pole. Hebu waeleze wenzetu ambao hawajaisoma. Na wasiotaka kujua mwisho, wasimamishe hapa, warudi baadaye.

NEEMA: Ni manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, ya Mika Yamamori, ilitoka kwenye jarida la wasichana linaloitwa Margaret, kuanzia 2011 hadi 2014. Kuna binti wa shamba, Suzume, anapelekwa Tokyo kuishi kwa mjomba wake. Siku ya kwanza tu anapotea mjini, na mwanamume mmoja anamsaidia. Akifika shule mpya anamkuta yule yule ndiye mwalimu wake wa darasa, Shishio. Na darasani kuna kijana, Mamura, ambaye msichana akimgusa kidogo tu uso unamwiva. Basi, pembetatu ya mapenzi imeshakamilika.

ZUHURA: Ukawa upande wa nani?

NEEMA: Mwanzoni wa mwalimu. Jina lenyewe la hadithi ni nyota inayoanguka mchana, na kila ukurasa unakuambia nyota hiyo ni yeye.

ZUHURA: Mimi sikumkubali hata ukurasa mmoja. Mwalimu na mwanafunzi wake, hapana. Sote tunawajua mabinti waliokatiziwa masomo kwa mambo kama hayo.

NEEMA: Ni kweli, na nadhani mwandishi naye alilibeba hilo. Mwalimu mwenyewe anarudi nyuma, anamwacha binti wa watu analia. Anayebaki karibu naye ni Mamura, ambaye hana hata maneno matamu. Anabaki tu. Na mwisho Suzume anamchagua Mamura! Dada, hiyo hutokea mara chache sana. Kwenye shojo, yaani manga za wasichana, aliyetangulia kuuteka moyo ndiye huondoka na msichana.

ZUHURA: Wajapani wana neno la huyo wa pili anayeshindwa. Wanamwita "ateuma". Asili yake ni ya wafugaji wa farasi: dume analetwa karibu na jike ili kuona kama jike yuko tayari, kisha anaondolewa na kuletwa dume aliyekusudiwa.

NEEMA: Jamani! Neno gani hilo la kikatili.

ZUHURA: Kikatili, lakini linakueleza kazi yake kwenye hadithi. Analetwa ili moyo wa msichana ujulikane. Sasa cha ajabu, wasomaji wanampenda kuliko yule aliyekusudiwa.

NEEMA: Mama yangu aliwahi kuniona nasoma, nikamsimulia, akasema, "Mshika mbili moja humponyoka." Akaona huyo binti ana tamaa.

ZUHURA: Mama ana haki kwa methali, ila hapa haikai. Mshika mbili ni yule aliyeshika. Hawa mabinti wengi wao hawajashika chochote. Msichana wa kwenye shojo mara nyingi ni yule ambaye hakuna aliyewahi kumtazama mara mbili, na ghafla watu wawili wanamwona, kila mmoja kwa jicho lake. Hapo ndipo utamu ulipo. Suzume akiwa na mwalimu, shingo iko juu muda wote kama mtu anayetafuta nyota. Akiwa na Mamura, macho yako usawa. Ni binti mmoja, lakini unakutana na watu wawili. Angependwa na mmoja tu, yule wa pili tusingemjua.

NEEMA: Ndiyo maana nilikuwa nachanganyikiwa pamoja naye! Na ule uchoraji unachangia. Mawazo ya msichana hayawekwi ndani ya kiputo cha maneno, yanaelea tu juu ya ukurasa, katikati ya maua na nafasi nyeupe. Wale wavulana hawayasikii. Ninayeyasikia ni mimi.

ZUHURA: Na unasubiri nayo mpaka toleo lijalo. Margaret lilikuwa likitoka mara mbili kwa mwezi. "Hana Yori Dango" ya Yoko Kamio ilianza humo 1992 na ikaendelea zaidi ya miaka 10. Mtoto aliyeianza akiwa na miaka 12 aliimaliza mtu mzima, na muda wote huo anabishana na marafiki zake: binti wa hadithi, Tsukushi, awe na Tsukasa au Rui?

NEEMA: Mimi Rui! Kwanza niliijua kwa tamthilia ya Kikorea ya 2009, sikujua kabisa kwamba chanzo ni katuni.

ZUHURA: Kabla ya Wakorea walitangulia Wataiwani, 2001, halafu Wajapani wenyewe 2005. Na jina lake ni methali: afadhali andazi kuliko maua. Yaani, cha kushibisha kuliko cha kupendeza macho. Mwandishi akaichezea, neno la andazi akaliandika kwa herufi za "wavulana".

NEEMA: Lakini Tsukasa alimwanzishia Tsukushi mateso, shule nzima ikamgeukia. Rui alimkuta kwenye ngazi za dharura, mahali alipokuwa akienda kupiga kelele peke yake. Anayekukuta unapopigia kelele zako ndiye anayekujua.

ZUHURA: Anakujua, ndiyo. Ila Tsukasa ndiye aliyebadilika kwa sababu yake, na binti maskini aliyezoea kudharauliwa anapomwona mtu mwenye nguvu zote akibadilika kwa ajili yake, hilo si dogo. Mimi naelewa kwa nini alimchagua.

NEEMA: Naelewa pia. Bado naumia.

ZUHURA: Basi nikupe wa kukupoza. "Fruits Basket" ya Natsuki Takaya, 1998 hadi 2006. Binti Tohru, katikati ya wavulana wawili, Yuki na Kyo. Unasoma ukijua ni vita vya wawili. Halafu Yuki anajichunguza, anagundua kwamba alichokuwa akikitafuta kwa Tohru ni mama, kwa sababu wake hakuwahi kumlea kwa upendo.

NEEMA: Subiri. Kwa hiyo hakushindwa?

ZUHURA: Hakushindwa na mtu. Anaujua moyo wake, na anapata wa kwake.

NEEMA: Naomba unikopeshe juzuu ya kwanza, dada. Leo leo.

ZUHURA: Iko kwenye mkoba. Ila ulale kwanza.