Acheni Kuhamisha Folda

Asanteni sana. Wa nyuma mnanisikia? Haya, tuanze, maana dakika nilizopewa ni chache na mimi si mtu wa maneno machache.

Mada ni kuliweka sawa eneokazi la kompyuta, ile skrini inayokupokea ukishawasha mashine, ili folda unazozifungua kila siku uzifikie upesi. Walionisikia kabla ya leo wanajua naelekea wapi, na naona wawili watatu wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Nitasema lilelile: folda iache mahali pake, kwenye eneokazi weka njia ya mkato, yaani ikoni ndogo inayokuelekeza tu kule folda iliko. Njia za mkato zimo ndani ya Windows tangu Windows 95. Waliozaliwa mwaka ule wengine wana watoto sasa, na bado nikifungua kompyuta za maofisini nakuta folda zenyewe zimerundikwa hadi picha ya nyuma haijulikani ni ya ua au ya mlima.

Najua yuko atakayesema, "Mwalimu, kuna ubaya gani? Nikiiweka hapo si naiona?" Unaiona, ndiyo. Lakini eneokazi nalo ni folda, tena folda ya kawaida kabisa. Ingia diski ya C, fungua Users, fungua jina lako, utaikuta humo inaitwa Desktop. Kwa hiyo ukiburuta folda ya mishahara ukaiachia pale mbele, umeitia ndani ya folda nyingine, kwenye akaunti yako wewe, na mara nyingi kwenye diski ileile yenye mfumo wa Windows. Fundi akija kesho akaifuta C na kuweka Windows upya bila kuuliza, anaondoka nayo. Na mafundi wasiouliza mnawajua.

Tena ngoja, huko kuburuta kwenyewe. Hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua kilichowapiga. Shika folda iliyoko C, iburute hadi kwenye eneokazi: inahama, na ilikokuwa haipo tena. Sasa shika folda iliyoko diski ya D, au kwenye flashi, au kwenye diski ya pamoja ya ofisi, uiburute vilevile: hiyo haihami, inanakiliwa. Kitendo kimoja, mkono uleule, matokeo mawili. Ndipo bajeti inapokuwa mbili. Wewe unajaza ya kwenye eneokazi lako, mwenzako anajaza ya kwenye diski ya pamoja, mnakutana kikaoni kila mmoja na jumla yake, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo iliyomo kwenye folda ya bajeti. Na wote wawili wanasema kweli!

Dawa yake ni ndogo mno. Buruta kwa kitufe cha kulia cha kipanya badala ya cha kushoto. Ukiachia, kompyuta itakuuliza kwanza: ninakili, nihamishe, au nitengeneze njia ya mkato? Chagua la tatu. Kama mkono umezoea kushoto na hausikii, basi shikilia Alt huku unaburuta, utapata njia ya mkato bila kuulizwa. Basi. Ningeweza kushuka jukwaani sasa hivi, ila najua mkifika kwenye mashine zenu mtaburuta kwa kushoto na Alt mtaisahau.

Kwa hiyo niwasimulie ya yule mhasibu. Mliokwisha kuisikia mvumilie, wenzenu hawajaisikia.

Ofisi siitaji, na mwenyewe simtaji. Alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Eneokazi lake lilikuwa la kupigiwa mfano: safu moja ya ikoni upande wa kushoto, Ankara, Stakabadhi, Mishahara, Ripoti za Mwezi, na zote ni njia za mkato; folda zenyewe ziko D. Mngedhani ni mwanafunzi wangu. Ofisi ikaleta kompyuta mpya. Fundi akamwambia, "Chukua vitu vyako, hii ya zamani naifuta jioni." Bwana yule akachomeka flashi, akachagua ikoni zake zote, akanakili, akabandika. Zikapita kufumba na kufumbua. Pale angeshtuka! Hesabu za miaka na miaka zinapitaje kwenye flashi kabla hujameza mate? Lakini nani hushtuka kompyuta ikifanya haraka? Sisi hushtuka ikichelewa. Akachomoa flashi, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Asubuhi kompyuta mpya iko mezani. Akachomeka flashi, akazirudisha ikoni, akazipanga safu ileile kwa mpangilio uleule. Majina yote yapo. Akabofya Mishahara. Mashine ikamjibu kwamba njia hii inaelekeza mahali pasipokuwapo. Akabofya Ankara: hivyohivyo. Stakabadhi: hivyohivyo. Akawa anabofya moja baada ya nyingine kwa upole, kama anayeogopa kuziamsha, mpaka safu ikaisha. Bwana alihama nyumba akabeba funguo, vyombo akaviacha ndani, na nyumba ikabomolewa usiku.

Sasa sikilizeni pale ofisini walipata funzo gani. Walisema, "Mmeona? Hizi njia za mkato ni hatari. Bora kuweka folda yenyewe." Wakaanza kuburuta! Jamani. Mhasibu hakuponzwa na njia ya mkato, aliponzwa na kutojua kwamba anachokishika ni njia ya mkato. Na alama zipo, tena hazijifichi. Tazama kona ya chini kushoto ya ikoni: pana kimshale kidogo. Kimekaa pale miaka yote kikimwambia "mimi si folda, folda iko kwingine." Halafu bofya kulia, fungua sifa zake, tazama ukubwa. Njia ya mkato kwa kawaida ni kilobaiti moja, mbili, basi. Mishahara ya watu haikai kwenye kilobaiti mbili. Na humohumo kwenye sifa pameandikwa folda yenyewe iko wapi, kuanzia herufi ya diski hadi jina la mwisho. Huko ndiko kwa kwenda kunakili.

Uzuri wake ni kwamba njia ya mkato ukiifuta, folda haiguswi. Unaweza kufagia eneokazi lote mchana kweupe, bosi amesimama nyuma yako, na hakuna kilichopotea. Mwenye folda halisi pale mbele hawezi. Anaogopa kufuta hata ile iitwayo "Mpya 2", kwa sababu hajui ndani mna nini, na ana haki ya kuogopa.

Ngapi ziwekwe? Zile unazofungua kila siku. Mradi ulioisha mwaka jana, njia yake ifute leo. Ikoni zikijaa skrini, jicho linarudi kwenye kazi ya kutafuta, na kutafuta ndiko tulikokuwa tunakukimbia. Na zikishakaa, msizihamehamishe. Mkono hujifunza mahali. Baada ya muda huisomi tena "Ripoti za Mwezi", unakwenda tu.

Mwingine ataniambia, "Mimi sina haja na hayo yote, naandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia." Hongera. Unalikumbuka jina? Uliiita "Ripoti Mei" au "Taarifa ya mwezi wa tano"? Na Windows kwa mpangilio wake wa kawaida haiorodheshi kila pembe ya kompyuta. Folda zako za mtumiaji zimo, diski ya D huenda haimo mpaka uiongeze mwenyewe. Kutafuta ni kwa kitu ulichokipoteza. Folda ya kila siku hujaipoteza, kwa hiyo usiitafute.

Pingamizi ninaloliheshimu ni hili: eneokazi hufunikwa. Ukiwa na madirisha sita wazi, ikoni zako nzuri ziko chini ya madirisha sita. Kweli kabisa. Kitufe cha Windows pamoja na D kinayashusha yote, ukibonyeza tena yanarudi. Lakini mimi, na hapa naomba wanaoandika waandike, napenda zaidi upande wa kushoto wa dirisha la mafaili. Bonyeza Windows na E, litafunguka. Bofya kulia kwenye folda yako, chagua kuibandika kwenye ufikiaji wa haraka, nayo itakaa pale kushoto. Faida yake kubwa iko kwingine: safu hiyo ya kushoto hutokea pia unapohifadhi faili. Programu nyingi zikikuuliza "nihifadhi wapi?", folda zako za kila siku ziko palepale, mbofyo mmoja. Nusu ya mafaili yaliyozagaa kwenye eneokazi, nasema nusu kwa kukasirika, sijayahesabu, yalifika huko kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kuhifadhi na Desktop ndilo jina la kwanza aliloliona.

Ila Windows ina kiherehere. Huongeza hapo folda inazodhani unazitumia sana, na leo iko hii, kesho iko ile. Kizimeni hicho. Kwenye chaguo za folda pana kisanduku cha kuonyesha folda zinazotumika mara kwa mara, toeni tiki. Nimeshasema mkono hujifunza mahali. Mahali pakibadilika kila wiki utajifunza nini?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nakimbia.

Ukingo wa skrini. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kulifikia lengo hutegemea umbali wa lengo na ukubwa wake. Watengenezaji wa kompyuta wakaichukua hiyo: kilichoko ukingoni hufikiwa kirahisi, kwa sababu hata ukisukuma kipanya kwa hasira kishale hugota pale pale, hakipiti. Kwa hiyo upau wa kazi ulio chini kabisa ni mahali pa thamani. Bofya kulia kwenye ile folda ya njano iliyoko huko, itapanda orodha, na folda ulizozibandika zinakuwa juu. Nilikuwa na mengi hapa. Yaacheni.

Wenye Mac: burutieni folda kwenye Dock, upande wa kulia wa kile kistari, karibu na pipa la taka. Folda haihami, msiogope. Mkitaka njia ya mkato kwenye eneokazi, burutieni huku mmeshikilia Option na Command. Upau wa kushoto wa Finder nao hutokea wakati wa kuhifadhi, ni yaleyale. Wenye Linux mnajijua, na wengi wenu mtanisahihisha, lakini kwenye GNOME, moja ya sura za eneokazi la Linux, usihangaike na ikoni za eneokazi, waliziondoa mwaka 2018 na kuzirudisha unahitaji kiongezi; ingia kwenye folda, bonyeza Ctrl na D, imekwisha kuwekewa alama pembeni.

La mwisho. Njia ya mkato iliyoko kwenye eneokazi unaweza kuipa vitufe vyake. Fungua sifa zake, weka kishale kwenye kisanduku cha vitufe vya mkato, bonyeza herufi, tuseme M ya Mishahara. Kuanzia hapo Ctrl, Alt na M vinaifungua hata kama madirisha yamefunika kila kitu. Lakini ukiihamishia njia hiyo ndani ya folda nyingine ya kawaida, vitufe havitafanya kazi. Windows huvisikiliza kwa njia zilizoko kwenye eneokazi au menyu ya kuanzia tu. Msije mkanipigia simu.

Ya kubadili rangi na picha za ikoni sikuyagusa, na sikukusudia. Haya, maswali. Na anayetaka kuuliza kwa nini bajeti yake ziko mbili, akae mbele hapa tuanze naye.