Siku Mbili Mashambani Bila Gluteni

Hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie mapumziko ya wikendi mashambani kwa mtu asiyekula gluteni, nami nitaanza na mwiko wa mbao.

Wakati fulani nilifikia nyumba ndogo ya wageni, mbali na mji. Mpishi nilimhoji hadi nikaona haya: mchuzi umetiwa unga? Hapana. Viungo ni vya pakiti? Hapana. Mama yule alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Usiku huo tumbo halikunipa usingizi, na asubuhi wenzangu wakapanda mlima wakaniacha kitandani. Tulipochunguza pamoja, mimi na yeye, tukakuta mwiko uliokoroga mchuzi wangu ndio uliokuwa ukikoroga uji wa ngano kila siku. Mbao ina nyufa. Sikuwa na la kumlaumu, maana swali la mwiko sikuliuliza.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mwenye ugonjwa wa siliaki akiila, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia utumbo mdogo. Huo si mzio, wala si kudeka, kama shemeji zetu wengine wanavyodhani. Wagonjwa ni kama mtu 1 kati ya 100, na wengi hawajijui. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930; njaa ya 1944 hadi 1945 ilipoufanya mkate uwe adimu nchini mwake, shaka yake ikapata nguvu.

Sasa tazameni vipimo. Kipande cha mkate kina gluteni kama gramu 2. Kigawe mara 40. Chembe moja tu kati ya hizo, ikiliwa kila siku kwa miezi mitatu, inatosha kuumiza utumbo wa mgonjwa. Na msidanganywe kwamba moto unaiua. Gluteni si kijidudu.

Kwa hiyo ukipiga simu kabla ya safari, usiulize kama wana chakula kisicho na gluteni. Utajibiwa "ndiyo" kwa ukarimu tu. Omba kuzungumza na anayepika, si anayepokea wageni, umuulize habari za vyombo. Mafuta ya kukaangia viazi yamekaangiwa nini kingine? Chujio la tambi ndilo la wali? Mkate hukatiwa wapi? Mimi husafiri na sufuria yangu ndogo na kijiko cha chuma, na siku hizi sioni aibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naomba na mgeni apone.

Hayo yakishamalizwa kwa simu, mashambani panatufaa kuliko mjini. Mjini ngano hujificha: kwenye sosi ya soya, soseji, vidonge vya supu. Shambani yai linakuja na ganda lake, kiazi na udongo wake, hindi na majani yake. Huna haja ya miwani ya kusomea pakiti. Oti tu ndizo za kuangalia, kwa kuwa mara nyingi huchanganyika na ngano tangu shambani au kinuni. Nunua zile zilizoandikwa hazina gluteni, yaani zisizozidi miligramu 20 kwa kilo.

Kwa mama yule nilirudi. Alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye mpini wa sufuria moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mumewe. Mlima niliupanda.

Naona mkono kule nyuma. Bia? Nilijua itaulizwa. Ya kawaida hutokana na shayiri, kwa hiyo hapana, ndugu yangu. Divai unaweza.