Pointi 16 kwa Mechi 7: Kuisoma Ratiba ya Ashes ya Wanawake

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja.

Tutazungumzia Ashes ya wanawake, ushindani wa kriketi kati ya Uingereza na Australia, na hasa jambo ambalo mashabiki wengi hulipita haraka: ratiba. Nafasi ya mechi ya Testi, ile ya siku kadhaa, ndani ya ziara inaamua mengi kuliko kura ya sarafu. Msimamo wangu ni kwamba Testi ichezwe kwanza, na nitautetea.

Timu hizi mbili ndizo zilizocheza Testi ya kwanza kabisa ya wanawake, Brisbane, Desemba 1934. Kwa miongo mingi ubingwa uliamuliwa na Testi peke yake, hadi mwaka 2013 ulipoletwa mfumo wa pointi unaochanganya aina zote tatu za mchezo. Leo hii ziara ni Testi 1, mechi 3 za ova 50 kwa kila timu (ova ni mipira sita) na T20 3, za ova 20 kwa kila timu. Ushindi wa Testi ni pointi 4, na sare ni 2 kwa kila timu. Kila mechi ya mpira mweupe, yaani ya ova 50 au T20, ni pointi 2, na ikiharibiwa na mvua kila upande unapata 1. Jumla ni 16. Lakini anayeshikilia kombe akifikisha 8 analibakisha, ilhali mpinzani lazima azivuke 8. Hesabu yenyewe inaanza ikiwa imeinama upande mmoja.

Mwanzoni Testi ilibeba pointi 6, na kwa maoni yangu zilikuwa nyingi mno. Katika ziara ya 2013/14 Uingereza ilishinda Testi ya Perth, kisha ikashinda mechi 2 tu kati ya 6 zilizobaki, na bado ikaondoka na kombe kwa 10–8. Kuanzia 2015 zikashushwa kuwa 4, yaani thamani ya mechi mbili za mpira mweupe. Hapo pana uwiano.

Sasa tazameni ziara tatu za karibuni, kwa sababu kila moja iliiweka Testi mahali tofauti.

Mwaka 2022 iliwekwa katikati, Canberra. Australia ilikuwa mbele 4–2 baada ya T20 mbili kuharibiwa na mvua. Siku ya mwisho Meg Lanning, nahodha wa Australia, alifunga zamu ya timu yake ya kupiga na kuiachia Uingereza mikimbio (alama za kupiga) 257 ya kutafuta ndani ya ova 48. Uingereza iliikimbilia kwelikweli, ikaishia 245 kwa wiketi 9, yaani wapigaji 9 kati ya 10 wametolewa: mikimbio 12 pungufu, wiketi moja mkononi. Sare. Ikawa 6–4, na Australia ikamaliza kwa 12–4. Nahodha aliye nyuma kwa pointi ana sababu ya kukimbiza. Aliye mbele ana sababu ya kuweka mtego. Mvutano wa namna hiyo unapatikana tu pale pointi zinapokuwa bado na uhai.

Mwaka 2025 iliwekwa mwisho, Melbourne, mpira wa pinki chini ya taa. Tatizo ni kwamba Australia, iliyokuwa ikilishikilia kombe, ilifikisha 8–0 kwenye T20 ya kwanza. Mechi tatu zilikuwa bado, Testi ikiwemo, na kombe halikuwa tena mezani. Uingereza ikapata mikimbio 170 na 148 katika zamu zake mbili, Australia 440, na ziara ikaisha 16–0. Annabel Sutherland wa Australia alipiga 163 za kupendeza mno. Zilistahili kuja wakati zinaamua kitu.

Mwaka 2023 ilichezwa kwanza, Trent Bridge, tena kwa siku 5 badala ya 4 zilizozoeleka. Tammy Beaumont wa Uingereza alipiga 208. Ashleigh Gardner wa Australia akachukua wiketi 8 kwa mikimbio 66 katika zamu ya mwisho, Uingereza ikaanguka kwa 178 ikitafuta 268. Australia ikaongoza 4–0, halafu 6–0 baada ya T20 ya Edgbaston. Kuna wanaoogopa kwamba Testi ya kwanza inaua ziara. Basi angalieni kilichofuata: 6–2, 6–4, 6–6, 8–6, 8–8. Australia ililibakisha kombe kwa kuwa lilikuwa lake, lakini kombe lilibaki mezani hadi mechi ya sita, na hata ya saba bado iliamua kama ziara itaisha sare.

Sababu yangu ya pili ni miili ya warushaji, na hapa naomba tutulie kidogo. Katika T20 mrushaji haruhusiwi kuzidi ova 4. Katika ova 50, mwisho ni 10. Testi haina kikomo, na siku moja ya Testi ya wanawake inapangiwa ova 100. Ukiwa na warushaji watano, kila mmoja anabeba 20 kwa siku: sawa na T20 tano! Pale Trent Bridge Sophie Ecclestone wa Uingereza alirusha zaidi ya ova 70 katika mechi moja. Ukimtoa mrushaji kwenye wiki mbili za ova 4 na 10, ukampa siku nne kujiandaa, mgongo na bega havijajengwa kwa kazi hiyo. Kasi hushuka jioni, mipira inakuwa mifupi, na mpigaji aliyetulia anavuna. Kurudi nyuma, kutoka ova 20 hadi 4, ni rahisi zaidi: mwili unapumzika, kinachobadilika ni mbinu.

Kwa wapigaji kinachovurugika ni uamuzi. Kwenye T20, baada ya ova 6 za mwanzo, idadi ya walinzi wanaoruhusiwa nje ya duara la ndani ya uwanja bado ina kikomo, kwa hiyo mpira ulio nje kidogo ya nguzo za wiketi unapigwa. Mpira huohuo kwenye Testi, ukiwa mpya na walinzi wawili watatu wamesimama karibu na mlinda wiketi, unapaswa kuachwa. Kuacha kunahitaji mazoezi ya siku nyingi, na ratiba inayoweka Testi mwisho haitoi siku hizo.

Nianze na maswali ya safu ya mbele.