Udereva Unaujua, Leseni Je?

Ndugu zangu, nashukuru mmefika, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja hata kula hamjala. Nimeombwa nizungumzie leseni ya udereva kwa mtu anayeishi nchi isiyo yake. Kazi yangu ni kuwaandaa wageni kwa mitihani hii, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mimi usukani nimeushika tangu ujana wangu, leo naambiwa nianze upya na vijana wa shule!"

Hasira hiyo naielewa, ila imeelekezwa pasipo. Nchi uliyohamia haikuulizi kama unajua kuendesha. Inajiuliza kama inamwamini aliyekupa leseni. Wanaweza kushuka madereva wawili kwenye ndege moja, mmoja akabadilishiwa kadi yake kwa kulipa ada tu, mwingine akatumwa mtihanini kuanzia nadharia, na hakuna aliyewatazama wakiendesha hata mita mia. Uingereza ina orodha yake ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Zimbabwe imo, Afrika Kusini imo, Japani imo. Marekani haimo. Mmarekani aliyezeeka barabarani akihamia London atafanya mitihani yote kama mtu ambaye hajawahi kugusa gia. Ujerumani nayo imeyachambua majimbo ya Marekani moja moja: wa jimbo hili anabadilishiwa moja kwa moja, wa jimbo lile anaongezewa mtihani wa nadharia, na lipo jimbo ambalo leseni yake haina makubaliano yoyote. Haya ni mapatano baina ya serikali, wala hayakutaja ustadi wako popote. Ukilijua hilo, unaacha kubishana na karani dirishani na unaanza kutafuta nchi yako iko fungu gani.

Sasa leseni ya kimataifa, maana najua wapo humu waliokuja nayo mfukoni wakiamini wamemaliza. Kile kijitabu ni tafsiri ya leseni yako, basi. Bila leseni yenyewe pembeni, hakina uzito. Kinatokana na mikataba, na inayotumika zaidi ni ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Cha 1949 kinadumu mwaka mmoja, cha 1968 hakizidi miaka mitatu, na nchi nyingine zinatambua kimoja tu. Japani inakubali cha 1949 peke yake. China bara haikubali hata kimoja. Halafu kinatolewa kule ilikotolewa leseni yako, kwa hiyo aliyekwisha kuondoka bila nacho ana kazi ya kusumbua ndugu. Vile vinavyouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kufika kesho yake, vya miaka kumi, vyenye picha yako na mihuri ya dhahabu, ni karatasi za mapambo. Na hata kilicho halali kimekusudiwa msafiri anayepita tu. Siku unapohesabiwa kuwa mkaazi, hesabu inabadilika.

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Saa inaanza kuhesabu siku unapokuwa mkaazi, si siku unaponunua gari. Ujerumani inakupa miezi 6 ya kutumia leseni yako ya nje. Uingereza miezi 12. California inataka mkaazi mpya aombe leseni ndani ya siku 10, New York ndani ya siku 30. Mtu anafika, anatafuta nyumba, anaandikisha watoto shule, leseni anasema "nitaishughulikia", na muda unakwisha akiwa barabarani. Kuanzia siku hiyo, kwa macho ya sheria, yeye ni mtu asiye na leseni. Trafiki akimsimamisha ni kesi, na akigonga, kampuni ya bima imepata sababu nzuri ya kuanza kuuliza maswali. Sipendi kutisha watu, lakini hili la bima ndilo linaloweza kumfilisi mtu, kuliko faini yenyewe.

Tuje kwenye makaratasi. Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo sehemu unayoweza kuitengeneza kabla hujapanda ndege.

Chukua kadi yako ya leseni uitazame. Tarehe ya kutolewa inasema nini? Kama uliihuisha mwaka jana, huenda imeandikwa mwaka jana tu. Karani wa ugenini akiisoma anaona dereva mchanga wa mwaka mmoja. Uzoefu wako wote haumo kwenye hiyo plastiki. Dawa yake ni barua kutoka mamlaka iliyokupa leseni, inayosema ulipata lini kwa mara ya kwanza, daraja gani la magari, na kama umewahi kufungiwa. Ontario, kule Kanada, barua ya namna hiyo inaweza kukuondolea miezi ya kungoja ambayo dereva mpya lazima aingoje kati ya hatua moja ya leseni na nyingine. Kuifuatilia ukiwa nchi nyingine ni mtihani kuliko mtihani wenyewe.

Angalia na majina. Pasipoti ina majina matatu, leseni ina mawili. Huku "h" ipo, kule haipo. Nyumbani hakuna anayejali. Ugenini ile kompyuta inaona watu wawili.

Na pasipoti ya zamani usiitupe. Japani inataka uthibitishe kwamba baada ya kupata leseni uliishi nchi iliyokupa kwa angalau miezi 3, na ushahidi wako ni mihuri ya kuingia na kutoka. Wanapekua ukurasa kwa ukurasa.

Mtihani wa nadharia hauhitaji maneno mengi: soma. Tatizo lake kwa mgeni ni lugha. Ujerumani unaweza kuufanya kwa Kijerumani au kwa lugha nyingine 12, Kiarabu, Kiingereza na Kifaransa zikiwemo; Kiswahili hakimo. Uingereza iliondoa sauti za lugha za kigeni mwaka 2014. Japani ilikuwa na maswali 10 mepesi kwa wageni wanaobadilisha leseni. Tangu Oktoba 2025 ni 50, na unatakiwa upate 45. Chagua lugha unayoisomea vizuri, hata kama si ile unayopigia soga.

Mtihani wa vitendo ndio unaowaangusha wazoefu, na nitasema wazi: wanafunzi wangu wasiojua kitu mara nyingi ni wepesi kufundisha kuliko wale waliokomaa. Mkomavu ana mkono mmoja juu ya usukani na mwingine kwenye gia muda wote. Kwenye alama ya kusimama anapunguza mwendo, anachungulia, anapita. Kwake amesimama. Kwa mtahini, magurudumu yalikuwa bado yanazunguka, na hapo mtihani umekwisha. Uingereza unaruhusiwa makosa madogo hadi 15, lakini kosa kubwa moja tu linakurudisha nyumbani.

Kioo je? Mkomavu anaangalia kioo cha pembeni kwa jicho tu, kichwa kimetulia. Mtahini hawezi kuyasoma macho yako. Geuza kichwa, aone. Kabla ya kuhama njia mfuatano ni kioo cha kati, cha pembeni, indiketa, kisha shingo igeuke uangalie ile sehemu ambayo kioo hakiioni, ndipo usukani usogee. Fanya taratibu kiasi cha mtu kuhesabu. Japani wanataka hata kabla hujaingia garini ulizunguke, uiname uangalie chini mbele na nyuma kama hakuna mtoto wala kitu. Watu wanacheka, na watu wanafeli.

Halafu kuna kanuni ambazo mwili wako haujawahi kuzijua. Kwenye makutano ya Ujerumani yasiyo na alama wala taa, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki, hata kama ametoka kijinjia chembamba na wewe uko kwenye barabara pana. Dereva mgeni anaiona ile barabara yake ilivyo pana, moyo unamwambia pita. Chukua masomo machache na mwalimu wa pale pale hata kama sheria haikulazimishi, na umwambie hutaki kufundishwa kuendesha; unataka akuonyeshe mtahini anakata alama wapi.

Mtaniuliza kuhusu gari la otomatiki. Ni rahisi, ndiyo, lakini Uingereza ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni yako inakufungia humo. Kama kazi unayoitafuta ni ya kuendesha magari ya kampuni, fikiria mara mbili.

La mwisho: nchi nyingi zikibadilisha leseni zinachukua ile ya zamani na mara nyingi kuirudisha ilikotoka. Umoja wa Ulaya hauruhusu mtu mmoja kuwa na leseni mbili za nchi wanachama. Kabla hujaikabidhi, itoe nakala ya rangi mbele na nyuma, na uulize kwa maandishi utaratibu wa kuirejesha ukihama tena.

Naona mikono imeshanyanyuka hata sijakaa. Dada wa mbele hapo, anza wewe.