Pindo la Zambarau kwenye Bega la Kanzu

Ndugu wapiga picha, itazameni picha hii ukutani. Bwana harusi amesimama barazani na kanzu nyeupe, jua la saa saba linamwakia. Sasa naikuza hapa begani. Mnauona ule uzi mwembamba wa zambarau? Kanzu ile haikuwa na darizi ya zambarau hata kidogo. Rangi hiyo imetiwa na lenzi yangu.

Kioo hakizipindi rangi zote sawasawa: bluu hupindwa zaidi, nyekundu kidogo, basi haziangukii mahali pamoja. Mwanasayansi Newton aliona lenzi hazina dawa ya kasoro hii, na mwaka 1668 akaunda darubini ya kioo cha kuakisi. Baadaye mwanasheria Mwingereza, Chester Moor Hall, aliunganisha lenzi mbili za vioo tofauti, krauni na flinti, kimoja kikirudisha rangi ambazo mwenzake amezitawanya. John Dollond akaipatia lenzi hiyo hataza mwaka 1758. Lenzi zenu zote bado zinategemea ndoa hiyo ya vioo.

Kwenye zumu, yaani lenzi inayoweza kuvuta picha karibu au kuipanua, ndoa hiyo hutikiswa kila mara. Ukizungusha pete, makundi ya vioo ndani yanasogeleana na kuachana. Yaliyopatana kwenye milimita 24, picha ikiwa pana, huenda yasipatane kwenye 70, picha ikivutwa karibu. Pigeni tawi kavu dhidi ya anga jeupe, mliweke pembeni kabisa mwa picha. Katika zumu nyingi mtaona wekundu upande mmoja wa tawi na samawati upande wa pili. Mkivuta hadi mwisho, rangi hubadilishana upande. Huko katikati ya safari ya pete, pindo karibu litoweke. Kasoro hii ya pembeni haiponi kwa kubana tundu la lenzi, maana kila rangi imechora picha yenye ukubwa wake. Programu ndiyo huiponya, kwa kuzivuta rangi hadi zilingane, na huiponya vizuri sana.

Lakini bega la bwana harusi lilikuwa katikati ya picha! Nilihangaika na programu jioni nzima kabla sijaling'amua hilo. Hii ni kasoro ya pili: rangi hazikutani kwenye kina kimoja. Kilicho mbele ya fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, huvaa zambarau, kilicho nyuma huvaa kijani. Nilipiga kwa tundu pana, f/2.8, fokasi ikiwa usoni, na bega limejitokeza mbele. Picha iliyofuata, kwa tundu lililobanwa, f/5.6, hii hapa: uzi umebaki kivuli tu.

Katika picha ile ya kwanza ndipo bwana harusi alipokuwa anacheka, nami sikutaka kuitupa. Nikaamuru programu iondoe zambarau yote. Tazameni mama mzazi pale nyuma: kanga yake ya zambarau imegeuka kijivu. Nikarudi mwanzo, nikapitisha brashi begani peke yake, polepole, mpaka kwenye kola.