Unyumbufu wa Fani: Mhusika Anapotaka Kuwa Zaidi ya Kitu Kimoja

Mabibi na mabwana, wapenzi wa dadu, pamoja na nyinyi mliokuja kuwasindikiza wenzenu tu, nawashukuru kwa kufika.

Jioni hii nazungumzia fani za wahusika katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja katika safari za kubuni na dadu huamua kama amefanikiwa, hasa ile ya ulimwengu wa kubuni wenye mapanga na sihiri. Fani ni ile kazi ambayo mchezaji humchagulia mhusika wake kabla dadu ya kwanza haijarushwa, nayo ndiyo huamua atapigana vipi, atajua nini, na atapata nini kila anapopanda ngazi. Swali langu ni moja: mchezaji akitaka mhusika wake awe hiki na kile kwa pamoja, kanuni zimruhusu kwa gharama gani?

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, kasisi na mtumiaji wa sihiri. Huyu wa tatu hutupa taabu sisi tunaocheza kwa Kiswahili, kwa kuwa tukimwita mchawi tumekwisha kumhukumu, na tukimwita mganga tumemkabidhi kibuyu na foleni ya wagonjwa. Kwa hiyo nitamwita mwanasihiri. Hata katika ufinyu ule palikuwa na upenyo, kwani mhusika wa jamii ya elfi, viumbe wa hadithi wanaofanana na binadamu, aliruhusiwa kuwa mpiganaji katika safari moja na mwanasihiri katika safari nyingine, mradi asibadilike katikati ya mchezo. Ilikuwa kama mtu anayebadili sare kulingana na zamu.

Wapo waliolitatua tatizo kwa kuzifuta fani kabisa. Katika mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978, mhusika huendelea kwa kutumia ujuzi wake: akifanikiwa kuutumia huwekewa alama, na safari ikiisha anarusha dadu, na akipata namba inayozidi ujuzi alio nao, ujuzi huo huongezeka. Mchezo wa GURPS wa mwaka 1986 ukampa mchezaji alama za kununulia kila kitu, kama mtu aliyeingia sokoni na fedha yake mfukoni. Ni njia nzuri, ila mimi sizifuati, kwa sababu fani ni ahadi: mtu akisema mezani kwamba yeye ni kasisi, wenzake wanne wanajua papo hapo watamtegemea kwa lipi.

Turudi basi kwa wale waliobaki na fani, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Katika toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, la mwaka 1989, elfi aliweza kuwa mpiganaji na mwanasihiri kwa wakati mmoja, akigawa nusu kwa nusu alama zake za uzoefu, yaani zile anazokusanya safarini ili apande ngazi. Tuseme amekusanya alama 16,000. Angekuwa mpiganaji mtupu angekuwa ngazi ya 5. Angekuwa mwanasihiri mtupu, ngazi ya 4. Akizigawa, 8,000 huku na 8,000 kule, anakuwa mpiganaji wa ngazi ya 4 na mwanasihiri wa ngazi ya 3. Amepoteza ngazi moja tu kila upande! Siri yake ni kwamba katika ngazi za mwanzo kila ngazi hudai karibu maradufu ya iliyotangulia, hivyo nusu ya alama hukurudisha nyuma hatua moja. Waandishi walilijua hilo, wakaweka kikomo cha ngazi kwa jamii zisizo za kibinadamu, lakini kikomo hicho kiko mbali mno kumuumiza mtu ambaye kampeni yake, yaani mfululizo wake wa safari, itavunjika kabla hajakifikia.

Toleo la tatu la mchezo huo, la mwaka 2000, likageuza mambo. Kila apandapo ngazi, mhusika yeyote aliweza kuchukua fani yoyote, na ngazi zikajumlishwa. Niliposoma kanuni hiyo mara ya kwanza niliona kwamba mlango umefunguliwa, na nikamshauri mchezaji mmoja wa meza yangu aende nusu kwa nusu. Ulikuwa ushauri mbaya. Alipofika ngazi ya 10, mpiganaji 5 na mwanasihiri 5, nyongeza yake ya shambulio, yaani namba anayojumlisha kwenye dadu anapopiga, ilikuwa +7 wakati mpiganaji mtupu ana +10, na sihiri zake, ambazo hupangwa kwa madaraja ya nguvu, ziliishia daraja la tatu, anarusha mpira wa moto, wakati mwanasihiri mtupu wa ngazi hiyo ana daraja la tano na anaweza kuwahamisha wenzake hadi mji wa mbali kwa kufumba na kufumbua. Alikuwa nyuma ya kila mmoja katika kazi ya kila mmoja, akakaa kimya vita vikipamba moto.

Kanuni hiyo hiyo iliyomwadhibu yeye ilimzawadia mdokoaji, yule anayechukua ngazi moja hapa na moja pale. Fani zenye kinga imara ya mwili, ile ya kustahimili sumu na mengineyo, hutoa nyongeza ya +2 katika ngazi ya kwanza. Mpiganaji wa ngazi ya 3 ana +3. Lakini aliyeonja ngazi moja ya mpiganaji, moja ya mshenzi wa nyikani na moja ya mlinzi wa misitu ana +6. Marekebisho ya toleo hilo ya mwaka 2003 yalisogeza ustadi wa silaha mbili wa mlinzi wa misitu kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili, na hilo lilipunguza uchu wa kudokoa kidogo.

Maoni yangu ni kwamba unyumbufu ulikuwa umewekwa mahali pasipo pake, yaani kati ya fani na fani, badala ya ndani ya fani. Toleo la tano, la mwaka 2014, linamwacha mpiganaji achague tawi lake katika ngazi ya 3, na tawi mojawapo humfundisha sihiri polepole huku upanga wake ukiendelea kukua kama wa mpiganaji mwingine yeyote. Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, la mwaka 2019, limekwenda mbali zaidi: kipaji cha fani yako, yaani uwezo wa pekee unaouchagua, ambacho kwa kawaida huja kila ngazi shufwa, unaweza kukitoa ukachukua cha fani ya pili, lakini ukiisha kuingia huko huruhusiwi kuingia ya tatu kwa njia hiyo mpaka uchukue vipaji vingine viwili vya ile ya pili. Mdokoaji amebanwa, na mwenye nia ya kweli amepewa njia.

Mhusika wa mchezaji wangu yule nilimjenga upya kwa kanuni za toleo la tano: mpiganaji mwenye tawi la sihiri. Mpira wa moto ilimbidi mchezaji aungoje hadi ngazi ya 13, na hakulalamika, kwa sababu safari hii upanga ulikuwa ukifanya kazi.